Gari la Mzee Onsongo Bado Liko Baharini

Kila asubuhi, kabla bosi hajafika, mimi hufanya mambo yaleyale. Nafagia ngazi, maana vumbi la mjini Kisii hupanda hadi ghorofa ya pili bila kualikwa. Natia maji kwenye birika. Nawasha kompyuta. Kisha nafungua ukurasa unaoonyesha meli zilipo baharini, natafuta zilizobeba magari ya wateja wetu, na kusogeza pini kwenye ramani kubwa ya dunia iliyobandikwa ukutani. Bosi wangu, Gulled, aliinunua ramani hiyo kwa ajili ya wateja. Mtu akija kuuliza gari lake limefika wapi, anaonyeshwa pini, anakaa, anakunywa chai, anarudi kwake akiwa ameridhika.

Napenda sana kazi ya pini. Haimlazimishi mtu kuongea.

Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili Desemba, nilikuwa nimeshaing'oa pini nyekundu kwa kucha nilipogundua kwamba meli yake haikuwa imesogea. Ilikuwa palepale nilipoiacha Ijumaa, kwenye maji matupu, mbali kusini mwa Mombasa. Ule mshale mdogo unaoonyesha meli inaelekea wapi ulikuwa umegeuka nukta. Nikadhani ni mtandao. Nikafungua ukurasa upya. Nukta. Birika likachemka, likajizima, nami bado nimesimama na pini mkononi.

Pini nyekundu ilikuwa ya Mzee Onsongo wa Gesima.

Gulled alipofika nilimwonyesha. Hakukaa. Alimpigia wakala wetu wa Mombasa akiwa bado amevaa koti, akasikiliza, akasema "haya" mara tatu, kila moja ndogo kuliko ile iliyotangulia. Injini ya meli ilikuwa na hitilafu na mafundi walikuwa wakiishughulikia hukohuko majini. Labda siku mbili, labda nane. Hakuna aliyejua.

"Leo ni tarehe ngapi?" akaniuliza, ingawa kalenda ilikuwa mbele ya macho yake.

Kila mtu anayeagiza magari anaijua hofu ya Desemba. Nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka, na hesabu hufanywa kwa mwaka, haijali mwezi, na mwaka wenyewe wa kusajiliwa huhesabiwa kuwa wa kwanza. Mercedes ya Mzee Onsongo ilisajiliwa Japani mwaka 2018. Ilipaswa kufika bandarini kabla Desemba hii ya 2025 haijakwisha. Ikichelewa kwa siku moja tu, hata kama inang'aa kama kioo, ingehesabiwa kuwa kuukuu. Haingepewa namba. Ingebidi ipelekwe nchi nyingine, ikauzwe kwa bei yoyote itakayopatikana.

Gulled akakaa hatimaye. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejituliza, kwamba kama isingekuwa ile Sabato yangu gari lingefika Gesima mapema mwezi huu, lakini mambo ya Mungu hayalaumiwi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa heshima, na ndiyo maana nilitoka nje nikaenda kufagia ngazi mara ya pili.

Ilitokea Ijumaa ya kwanza ya Novemba.

Mimi ni Msabato. Naishi Nyanchwa, kilimani, katika chumba cha kupanga ambacho dirisha lake linatazama kanisa. Gulled ni Mwislamu, na tangu aliponiajiri baada ya chuo tulielewana bila maneno mengi. Ijumaa adhuhuri yeye huenda msikitini, nami hubaki na ofisi. Ijumaa jua likikaribia kutua mimi hufunga ofisi, na Jumamosi nzima hanipigii simu, hata jengo lishike moto. Hawo, dada yake, mwenye duka la vitambaa hapo chini, hututania kwamba biashara yetu ni ya siku nne na nusu, na kwamba Wajapani wanatushangaa.

Ijumaa hiyo Gulled alikuwa safarini kwenda Migori na simu yake haikupatikana. Saa kumi na mbili na dakika mbili jioni, wakati nakusanya vikombe, ujumbe uliingia kutoka kwa muuzaji wetu wa Yokohama. Huko ilikuwa usiku wa manane, lakini mtu wa meli halali meli ikipakiwa. Aliandika kwamba Mercedes ya mteja wetu imegongwa kidogo kwenye uwanja wa bandari na taa ya nyuma ya kushoto imepata ufa. Meli ya kesho ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Je, mwenye gari anakubali lisafiri na ufa huo? Kama hakubali, atabadilishiwa taa, lakini gari litangoja meli ya wiki tatu zijazo. Alitaka jibu kabla ya saa moja kupita.

Ofisi yetu ina utaratibu mmoja usiovunjwa. Jambo lolote linalogusa mwili wa gari, mwenye gari lazima atoe jibu kwa mdomo wake, kwa simu. Si kwa ujumbe. Zamani kabla sijaajiriwa, mteja mmoja wa Nyakoe alikubali rangi fulani kwa maandishi, gari lilipofika akasema simu ilikuwa kwa mtoto wake na yeye hajui kusoma. Tangu hapo Gulled husema: sikio langu lisikie sauti yake. Kama yeye hayupo, sikio langu mimi.

Kwa hiyo nilitakiwa kumpigia Mzee Onsongo.

Nilikuwa nimewahi kuongea naye mara moja tu, mwezi Septemba. Alipiga ofisini kuuliza kuhusu injini, nikapokea, nikaanza kumweleza. Akanikatiza. "Wewe unaongea kama mtu amefunikwa blanketi," akasema. "Hakuna mwanamume hapo?" Alikuwa ameweka simu kwenye sauti ya juu, maana nilisikia watu wakicheka, wengi, kama walio kwenye kituo cha kupimia majani chai. Nikampa Gulled simu. Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Najua ni jambo dogo. Mtu mwingine angelisahau kabla ya jioni. Mimi nililibeba miezi miwili.

Niliiandika namba yake kwenye simu. Nikaifuta. Nikaenda dirishani. Nikaandika kwenye kijikaratasi maneno ya kumwambia, kama mtoto anayekariri shairi: shikamoo mzee, ni Lavender wa ofisi ya magari, kuna jambo la haraka. Nikayasoma kwa sauti. Yalisikika kama mtu amefunikwa blanketi. Nikaandika namba tena, kidole kikakaa juu ya kile kitufe cha kijani. Na muda wote huo nilikuwa natazama mwanga kwenye mabati ya jengo la mkabala, namna ulivyokuwa ukipanda, ukiacha dirisha, ukiacha ukingo wa paa.

Kalenda ya kanisa letu huandika saa ya kutua jua kila Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na saba. Niliijua kwa moyo.

Ilipofika dakika ya ishirini na saba niliweka simu mkobani, nikafunga mlango, nikashuka. Sabato ilikuwa imeingia. Nakumbuka nilivyopumua pale kwenye ngazi. Nilishukuru. Kilimani nikakuta majirani wameanza wimbo wa kufungua Sabato, nami nikaimba pamoja nao.

Jumamosi baada ya jua kutua nilimpigia Gulled. Kufikia wakati huo nafasi ilikuwa imepewa mtu mwingine na meli imeng'oa nanga. Jumapili alikuja ofisini, akausoma ule ujumbe, akatazama saa iliyoandikwa juu yake.

"Saa kumi na mbili na dakika mbili," akasema. "Sabato yenu si huanza saa kumi na mbili jioni?"

Mtu wa nje hufikiri hivyo. Hufikiri ni saa ya ukutani. Ningeweza kumwambia kwamba ni jua, na kwamba jua lilikuwa bado juu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikuwa nimeshika kikombe chake, nikakiosha, ingawa kilikuwa safi.

"Basi, abaayo," akasema. Hilo ni neno la kwao, dada. "Mimi pia sipokei simu nikiwa kwenye swala. Nitamweleza mzee."

Alimweleza. Alimwambia tu kwamba ujumbe ulikuja ndani ya Sabato ya msichana. Nilikuwa mezani kwangu, nikingoja kelele zitoke kwenye simu. Zilitoka taratibu. Mzee Onsongo, ambaye kumbe naye ni mzee wa kanisa huko Gesima, akasema kwa Kiswahili chake kizito kwamba mtoto huyo amelelewa, na kwamba gari itangoja, gari ni chuma.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio kuliko mimi.

Wiki iliyofuata dereva wa gari la abiria la Probox aliniletea mkungu wa ndizi kutoka Gesima. Wiki iliyofuata ikawa maparachichi na mboga za chinsaga zilizofungwa kwa jani la mgomba, na salamu kutoka kwa mke wa Mzee Onsongo, Mama Tryphosa, kwamba nile ninenepe. Sikuweza kuzila. Niliwagawia majirani, na majirani wakauliza nimepata mchumba gani mkarimu hivyo. Hawo akasikia habari za ndizi, akaja juu kunichungulia. "Mtu hacheki, haongei, na bado analetewa mikungu," akasema. "Mimi naongea tangu asubuhi na sijaletewa hata chungwa."

Ndizi hizo zingetosha kuniumiza. Lakini mwishoni mwa Novemba Mzee Onsongo alikuja mwenyewe. Nilimwogopa kabla hajamaliza ngazi. Nilitegemea mtu mkubwa. Aliyeingia alikuwa mfupi, amevaa suti ya kahawia iliyopwaya mabegani, na alinisalimu kwa mikono miwili. "Bwakire buya," akasema, kama kwa mtu wa rika lake. Hakukumbuka kabisa habari ya blanketi. Niliona hivyo machoni pake. Kwake ilikuwa simu moja kati ya simu elfu.

Alisimama mbele ya ramani akaomba aonyeshwe pini yake. Wakati huo ilikuwa imeondoka Yokohama siku moja tu. Akaipima kwa shubiri hadi Mombasa, akahesabu shubiri moja na vidole vitatu. Halafu, kwa kuwa Gulled alikuwa kwenye simu, akanieleza mimi. Miaka thelathini amekuwa na lori la kubeba majani mabichi ya chai. Baadaye yakawa malori matatu. Katika miaka yote hiyo mkewe hajawahi kwenda kwao isipokuwa ndani ya lori, katikati, magoti yakiwa yamebanwa na gia, harufu ya majani imeingia kwenye kitenge chake. Watu wa kwao humwita Mama Lori. Huwa anacheka wanapomwita hivyo. Yeye Onsongo alikuwa hacheki. Januari ukoo wa Mama Tryphosa ungekutana kwao, na safari hii alitaka ashuke kutoka kiti cha nyuma, kushoto, afunguliwe mlango.

"Sitaki kuonyesha watu," akasema, akafikiri kidogo. "Nataka kuonyesha wale."

Nilitaka kumwambia siku ile. Gulled akamaliza simu yake, na wao wawili wakaanza kuzungumzia kodi ya bandari.

Sasa Desemba ilikuwa inakwisha na meli ilikuwa nukta.

Siku zile sikuweza kukaa. Nilikuwa nafungua ule ukurasa kila baada ya dakika chache, kazini, sokoni, nikiwa kwenye foleni ya maji. Siku ya tarehe ishirini na tano ofisi ilifungwa na nilipaswa kwenda nyumbani kwa wazazi. Nilikwenda, nikamenya viazi, nikamenya hadi mama akaninyang'anya kisu akisema nimemenya vya wiki nzima. Aliniuliza kama ni mwanamume. Nikasema ni meli.

Sabato ya tarehe ishirini na saba nilikaa kanisani Nyanchwa, benchi la nyuma, karibu na nguzo. Wakati wa wimbo wa pili nilitoa simu ndani ya jalada la Biblia, nikafungua ukurasa. Nukta ilikuwa imegeuka mshale. Mshale ulielekea kaskazini. Nilifurahi hadi nikasahau kusimama wenzangu waliposimama. Kisha nikaelewa nilichokuwa nakifanya, na mahali, na siku. Mama mmoja kando yangu alinitabasamia. Habari zangu zilikuwa zimemfikia. Akaninong'oneza kwamba vijana kama mimi ndio kanisa linawahitaji.

Meli ilikuja polepole, kama inayochechemea. Tarehe thelathini wakala wa Mombasa alisema inawezekana. Tarehe thelathini na moja mchana alisema haiwezekani, halafu jioni akasema labda. Gulled alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na mimi nikihesabu hatua zake. Mzee Onsongo hakupiga hata mara moja. Afadhali angepiga, agombe, atukane. Alituma ujumbe mmoja tu, kwamba wamefunga na kuomba, na kwamba wameniombea na mimi.

Meli ilifika tarehe mbili Januari, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Gulled alijaribu kila mlango aliokuwa anaujua, akapewa jibu moja kila mahali, kwa adabu. Wiki iliyofuata alimpata mnunuzi wa nchi jirani ambako sheria ya miaka si kali kama yetu. Bei ilikuwa mbaya. Alimpigia Mzee Onsongo akamweleza, na nilimwona akifuta jasho usoni kwa kitambaa. Halafu akaniita, akanipa bahasha. Mzee atie sahihi kwamba anakubali gari liuzwe. Angekwenda mwenyewe, akasema, lakini anaona aibu.

"Wewe anakupenda," akasema. "Ukimpelekea wewe hataumia sana."

Nilishuka kwenye Probox njia panda ya Gesima saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, na chai ilikuwa inang'aa pande zote hadi macho yakauma. Sikuhitaji kuuliza njia. Kila nyumba huko ina kijia chembamba kinachopita kati ya michai. Moja tu ilikuwa na barabara. Ilikuwa imepanuliwa juzijuzi na kumwagwa udongo mwekundu wa murram, na kando yake michai iliyong'olewa ilikuwa imelazwa, mizizi juu, safu mbili nzima kuanzia barabarani hadi nyumbani. Mashina yalikuwa manene kama paja. Nilipita katikati yake nikiwa nimekumbatia bahasha.

Mama Tryphosa alinikuta kwenye geti, geti jipya, pana. Alikuwa anatoka kuchuma, kikapu mgongoni, gumboot miguuni. Alinikumbatia na kikapu hichohicho. Aliona nilivyokuwa natazama michai.

"Baba mkwe ndiye aliipanda hiyo," akaniambia, bila kulalamika. "Wakati chai inaanza kuja huku. Mimi nilimwambia, hiyo gari nitaingia na miguu gani? Na hii ya matope?"

Mzee Onsongo alikuwa ameshatoka mlangoni. "Ungevua mlangoni, kama unavyovua kwa nyumba," akasema.

"Nishuke peku mbele ya ndugu zangu?"

"Ningekununulia viatu."

"Ungeagiza Japani vilevile," akasema mkewe, "navyo vingechelewa."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikataka ardhi inimeze. Kando ya nyumba kulikuwa na banda la gari la mabati mapya. Ndani walikuwa wameanika mahindi.

Tuliketi sebuleni. Mama Tryphosa alileta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe kunitazama nikila. Mzee alisoma karatasi polepole, midomo ikitembea, akatia sahihi mahali nilipomwonyesha, akanirudishia bahasha. Akauliza kama huyo mnunuzi ana familia. Nikasema sijui. Akasema anatumaini anayo, ile gari ina nafasi nzuri nyuma.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nimeshainua mkoba. Ndipo alipoondoka, akarudi na daftari la shule na kalamu, akaviweka mbele yangu kama mtu anayeweka chakula.

Alikuwa na ombi. Sabato ijayo ilikuwa siku ya vijana kule Nyanchwa, na wageni wangekuja kutoka mbali, watu wasiojua Kikisii. Kanisa lilikuwa limemwalika atoe ushuhuda. Lakini Kiswahili chake, akasema, ni cha lori, ni cha kuambia dereva arudi nyuma. Mimi nimesoma chuo na Gulled amemwambia mwandiko wangu ni mzuri. Yeye angesema, mimi ningeandika kwa Kiswahili safi, na siku hiyo angesoma. Na mimi ningesimama mbele, kando yake, watu wanione.

Mama Tryphosa akasema nisiogope kusimama, si lazima niongee.

Nikafungua daftari. Sijui kwa nini nilifungua. Nadhani ni mazoea ya kufanya ninachoambiwa. Alianza kusema kwa Kikisii, akitazama dari, naye alikuwa msemaji mzuri kuliko nilivyotegemea. Niliandika kwamba anaitwa Onsongo, kwamba ni mkulima wa Gesima, kwamba alitamani kitu kizuri kwa ajili ya mke aliyeishi naye miaka thelathini na minne. Niliandika kwamba kitu hicho kilikuwa njiani. Mkono wangu uliandika vizuri, herufi zikisimama wima. Akasema kulikuwa na msichana ofisini aliyeshika ufunguo wa jambo lake lote, na kwamba ujumbe mmoja uliingia, na kwamba kwa kuujibu tu gari ingefika. Akasema hivi: gari nimepoteza, sijapoteza kitu, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba bado wapo watoto wasioiuza Sabato.

Mama Tryphosa alijifuta macho kwa ukingo wa leso.

"Hapo weka na saa," Mzee Onsongo akasema. "Mimi napenda ushuhuda uwe na saa. Watu huamini saa. Huo ujumbe uliingia saa ngapi hasa?"

Kalamu ilikuwa imefika mwisho wa mstari. Ningeweza kuandika saa moja. Ningeweza kuandika saa mbili usiku, na hakuna mtu duniani ambaye angekwenda kumuuliza Mjapani. Yeye angesoma mbele ya watu elfu moja, kwa sauti yake hiyo, mkono wake begani mwangu. Nilifikiria ile michai nje, mizizi juu. Nilifikiria kazi yangu, na Gulled akifuta jasho. Nikaweka kalamu katikati ya daftari.

"Saa kumi na mbili na dakika mbili," nikasema.

"Jioni?"

"Jioni. Ijumaa ya kwanza ya Novemba."

Yeye ni mzee wa kanisa. Hakuwa na haja ya kuangalia kalenda, lakini aliiangalia, ile iliyotundikwa ukutani juu ya redio, na ilikuwa tayari ya mwaka mpya. Nilimwona akihesabu kimya. Mama Tryphosa aliacha kujifuta macho. Nje kuku walikuwa wakidonoa mahindi bandani na hakuna aliyeondoka kwenda kuwafukuza.

"Novemba," akasema polepole. "Saa hiyo jua..."

Hakumaliza. Alikuwa ananipa nafasi nimalizie mimi, nimsaidie, niseme kulikuwa na mawingu, niseme nilikosea. Niliona hivyo, na niliona alivyokuwa anaogopa kidogo.

"Lilikuwa bado halijatua, baba," nikasema. "Nilikuwa na dakika ishirini na tano, na namba yako ilikuwa kwenye simu yangu. Sabato haikunizuia. Niliogopa kukupigia wewe, nikasimama dirishani nikangoja jua litue, ili nisikupigie."